Kidole cha Wakili Mwaniki

Nyumbani kwa Karwirwa hapakuwa na neno "hapana". Alilizika pamoja na mumewe.

Siku Mithika alipozikwa, kabla udongo haujarudishwa shimoni, mashemeji walianza kukohoa kile kikohozi cha watu wenye hamu ya shamba. Karwirwa alikijua kikohozi kile tangu alipoolewa. Akasimama kandokando ya kaburi, akatangaza mbele ya padri, ukoo na kwaya nzima kwamba mali ya nyumba ile sasa ni shauri lake na wanawe wawili, na kwamba lolote watakalomwambia wanawe, yeye atasema ndiyo. Kikohozi kikakoma palepale. Mashemeji wakala wali, wakachukua kofia zao, wakaenda. Watu wa Nkubu wakamsifu mjane aliyeziba tundu kabla panya hajaingia. Lakini neno lililosemwa kaburi likiwa wazi, kwa watu wa huko, halirudishwi. Limefukiwa, na nani atakwenda kulifukua?

Mwaka wa tatu wanawe wakaja na neno lao.

Walikuja Jumapili baada ya misa, Kaberia anayeuza saruji Meru mjini na mdogo wake Riungu anayefanya kazi ya ofisi kule Embu. Walikuja na kiti cha plastiki chenye mikono, kipya, kikiwa bado na karatasi ya dukani. Wakamkuta mama yao anapanda kutoka shamba la barabarani, mkungu wa ndizi mgongoni, ukanda umemkaza kwenye paji la uso.

"Mama, umechoka," Kaberia alisema.

Karwirwa hakuwa amechoka. Alikuwa na njaa. Lakini mtoto akianza maneno kwa huruma, mzazi mwenye busara hunyamaza asikie bei yake.

Bei yenyewe ilikuwa lile shamba la barabarani, eka moja na kitu kidogo, ubavuni mwa barabara ya kwenda Embu. Kampuni ya mafuta ililipenda. Wangelikodi miaka mingi, wajenge kituo cha petroli, na kila mwezi pesa ziingie kwenye simu yake bila yeye kushika jembe.

"Wewe utakaa tu, Mama," Riungu alisema, akakifuta kile kiti kwa kiganja. "Utakaa hapa, upumzike, ukule pesa."

Karwirwa alikitazama kiti, na moyo wake ukaingiwa na baridi. Shamba lile hakulirithi kwa mtu. Alilinunua mwenyewe kwa pesa ya maziwa, likiwa mawe na magugu, akalifanya migomba ambayo wachuuzi wa Nkubu waliijua kwa jina lake. Akiwa pale chini na panga mkononi, alikuwa Karwirwa. Akikaa kwenye kiti kile, angekuwa bibi kizee anayesubiri simu ilie. Alikuwa na miaka sabini na kidogo, hakuogopa kifo sana, kifo kina adabu, huja mara moja. Aliogopa kiti.

"Ndiyo, wanangu," akasema.

Walipoondoka alikwenda kumkamua ng'ombe, akamweleza hali ilivyo. "Mimi nimeshasema ndiyo. Sasa ni nani atasema hapana?" Ng'ombe alicheua bila kutoa maoni. Ndipo Karwirwa akakumbuka jambo ambalo Riungu alilitaja kwa haraka, kama mtu anayeruka tope: shamba lile serikalini limeandikwa kuwa la kilimo, na kabla halijawa la biashara lazima kamati ya kaunti ikubali. Karwirwa akaacha kukamua. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliiombea serikali iwe kali.

Shida ni kwamba wanawe nao hawakuwa wajinga. Walimwajiri Wakili Mwaniki.

Mwaniki alikuwa na ofisi Embu mjini, juu ya duka la dawa za mifugo. Mawakili wengine walikuwa na wezi wao, talaka zao na watu waliogongwa na magari. Yeye kazi yake ilikuwa moja tu, kuibadilishia ardhi kazi. Kahawa ikitaka kuwa shule, nyumba ya mtu ikitaka kuwa zahanati, kinamasi kikitaka kuwa ghorofa, watu walipanda ngazi kwake, na wa kinamasi aliwaambia wakatubu kwanza. Alizaliwa Manyatta, katikati ya majani ya chai, na mikono yake sasa ilikuwa laini kwa makusudi. Hajawahi kunyimwa kibali hata kimoja. Alilisema hilo mwenyewe, na lililokuwa baya zaidi ni kwamba lilikuwa kweli.

Alikuja Nkubu na suti ya kijivu na viatu ambavyo havikustahili njia ile. Kimeru cha Karwirwa na Kiembu cha Mwaniki ni ndugu wa karibu, wangeelewana, lakini kwenye mambo ya ardhi ndugu ndio wa kuchungwa, kwa hiyo walizungumza Kiswahili.

"Mama, hati iko na jina lako peke yako, kwa hivyo mteja wangu ni wewe," alisema wakiwa wamesimama kati ya migomba. "Hawa vijana wananilipa tu. Na hii kitu si ngumu. Kamati itakuja hapa kujionea. Wakikuta shamba inazaa sana watasita, kwa sababu siku hizi hawataki chakula igeuzwe saruji. Kwa hivyo wewe iache tu. Usipalilie, usiweke mbolea. Wakute imechoka."

"Ndiyo, wakili."

"Na hata wakileta ubishi, mimi niko na dawa." Akanyoosha kidole cha shahada, akaonyesha ng'ambo ya barabara, kwenye yadi ya mbao ya Thuranira. Msumeno ulikuwa unalia. "Hapo palikuwa kahawa. Kamati hii hii ilimpa kibali mwaka juzi. Barabara ni moja, udongo ni moja. Hawawezi kumpa jirani na wamnyime jirani. Hiyo huwa naiweka mwisho kabisa. Nikinyoosha hiki kidole, mambo imekwisha."

Karwirwa alikitazama kidole kile. Kilikuwa kirefu, kisafi, chenye kucha iliyokatwa vizuri. Akakichukia kwa moyo wake wote.

"Ndiyo, wakili," akasema.

Wiki iliyofuata walikuja vijana wakasimika ubao wa bati kati ya migomba, ukiangalia barabara. Uliandikwa kwa herufi kubwa kwamba mwenye shamba anaomba kubadilisha matumizi yake, na kwamba mwenye pingamizi apeleke maandishi kwa kaunti kabla muda haujaisha. Ndivyo sheria inavyotaka, ombi lako lisimame wazi majirani walione. Watu wengine ubao wa namna hiyo huuficha nyuma ya mti. Karwirwa aliufyekea majani pande zote. Kila asubuhi aliupangusa vumbi kwa kitambaa. Mtu yeyote akipita, alimsalimia kwa sauti ili ageuke, na akigeuka asome.

Walisoma wote. Hakuna aliyepinga. Waliompenda walisema, "Acha mama apumzike." Wasiompenda walisema petroli ikifika, bei ya mashamba yao itapanda.

Akaona amfuate Celina, jirani yake wa upande wa chini, mwanamke ambaye aliwahi kumshtaki jogoo wa mtu kwa chifu kwa sababu ya kuwika. Kama kuna mtu Nkubu mwenye kipaji cha kupinga, alikuwa huyo. Kumwomba apinge hangeweza, hiyo ingekuwa kusema hapana kwa mdomo wa mwingine. Kwa hiyo alikwenda kukisifu kituo.

"Celina, petroli stesheni itakuwa nzuri sana. Taa zitawaka usiku kucha mpaka ndani ya chumba chako."

"Taa ni usalama, Mama Kaberia."

"Na malori. Malori makubwa yale ya kubeba simiti. Madereva watalala hapo hapo, wanapiga redio."

Celina aliacha kuchambua maharagwe. Macho yake yakang'aa, na Karwirwa akaanza kushukuru moyoni.

"Wengi?" Celina akauliza.

"Wengi mno."

"Wanaume wengi, wamelala hapo, asubuhi wameamka na njaa?" Celina aliweka ungo chini. "Mimi nitafungua hoteli! Chai, mandazi na githeri. Mama Kaberia, Mungu akubariki, wewe na watoto wako."

Karwirwa alirudi nyumbani akiwa amebarikiwa, hana la kufanya. Muda wa pingamizi ukapita, na kwenye kaunti hapakufika hata kikaratasi.

Hapo ndipo aliposhika jembe kwa hasira. Alipalilia eka nzima. Samadi yote ya zizini aliishusha kwa wilbaro, safari baada ya safari, akaimwaga kwenye mashina mpaka migomba ikashangaa. Alikata majani makavu, akaegemeza mikungu mizito kwa miti, akasafisha mfereji. Na mvua za mwaka ule, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, zilinyesha kwa adabu, zikawa upande wake.

Kaberia alipopita kutoka Meru, alisimamisha gari katikati ya njia.

"Mama! Si wakili alisema uiache ichoke?"

"Alisema."

"Na hii ni nini?"

"Si mmesema wageni wanakuja?" Karwirwa alijinyoosha mgongo, akamtazama kwa mshangao wa mama aliyekosewa adabu. "Watu wa serikali, Kaberia. Waje wakute magugu kwa boma ya baba yako? Watasema huyu mama hakuzaa watu. Kama unataka niwapokee na uchafu, niambie. Mimi nitasema ndiyo."

Hakuna mtoto wa Kimeru atakayemwambia mama yake apokee wageni kwenye uchafu, hata kama uchafu ule una faida. Alichofanya Kaberia ni kumpigia wakili simu, na Mwaniki akaja kesho yake.

Wakili alilizunguka shamba lote. Aligusa mkungu mmoja uliokuwa unakaribia kufika ardhini. Karwirwa alimfuata nyuma akiwa na furaha iliyofichwa chini ya leso. Kisha Mwaniki akaanza kutabasamu, na furaha ikamtoka.

"Hii ni nzuri hata kuliko kuchoka," alisema. "Tutawaambia ukweli. Udongo huu bila samadi hauna kitu, unalishwa na mgongo wa mama wa miaka sabini. Akianguka leo, shamba imekufa kesho. Je, kamati inataka mama afe akisukuma wilbaro?" Akajipigia makofi kidogo. "Siku hiyo, Mama, wewe kaa kwa kiti. Shika bakora. Usiinuke."

Kumbe mtu huyu ukimtupia jiwe analijengea nyumba. Karwirwa alimtazama akiondoka na viatu vyake, akajua kwamba hajawahi kukutana na adui stadi namna hii, tena adui anayelipwa ili awe wakili wake. Usiku alimwambia Mungu kwamba amefanya yote yaliyo ndani ya uwezo wa ndiyo, na sasa zamu ni Yake.

Kamati ilikuja Alhamisi, watu watano ndani ya gari la kaunti. Mkuu wao alikuwa Bi Rwamba, afisa wa mipango, mzaliwa wa Kanja, mama mnene mwenye sauti ya chini na miwani iliyoning'inia kifuani. Walimkuta Karwirwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya migomba, bakora mapajani, shali mabegani. Kaberia na Riungu walisimama nyuma yake kama walinzi wa sanamu. Jua lilikuwa kali. Alikaa. Alikuwa ameambiwa akae, na alisema ndiyo.

Lakini hakuna aliyemwambia asipike. Tangu alfajiri yeye na Celina walikuwa jikoni, na meza ilikuwa imetandikwa pale pale shambani. Kulikuwa na mukimo, nduma za kuchemsha, ndizi za kupika kwa maharagwe, parachichi zilizokatwa, ndizi mbivu za kumalizia, na maziwa ya mgando.

"Mama, sisi tuko kazini," Bi Rwamba alisema. "Chai inatosha."

"Chai ni hiyo," Karwirwa alisema kutoka kitini. "Hivyo vingine ni vya kusindikiza. Mgeni hakagui shamba na njaa, macho yatamdanganya."

Wajumbe wanne walikuwa tayari wamevuta viti. Bi Rwamba alijaribu kukaa na chai yake, akaonja nduma ili asionekane ana maringo, kisha akaonja tena.

"Hii imetoka wapi?"

"Hapo nyuma yako, karibu na mfereji."

"Na parachichi?"

"Mti ule."

Bi Rwamba akavaa miwani, akaandika kitu. Wakili Mwaniki aliona kalamu ile ikitembea, na kesi yake ikiliwa kijiko kwa kijiko. Alikohoa, akasimama, akasema maneno yake ya mgongo wa mama. Aliyasema vizuri sana. Alieleza jinsi mama huyu anavyoamka na umande, jinsi magoti yanavyolia, jinsi kila mkungu ni siku iliyopunguzwa kwenye maisha yake, mpaka mjumbe mmoja akaacha kutafuna kwa aibu. Riungu alifuta machozi. Karwirwa mwenyewe alimhurumia yule bibi kwa muda, kisha akakumbuka ni nani.

"Tutakwenda kuangalia mpaka wa chini, halafu tumalize," Bi Rwamba alisema, akainuka na watu wake. Wana wa Karwirwa wakawafuata kuwaonyesha njia.

Mwaniki alibaki nyuma ili anawe mikono. Karwirwa aliinuka kitini, akachukua jagi na beseni, maana mgeni hanawi peke yake. Akamwagia maji polepole, hasa juu ya kidole kile.

"Mama," wakili alisema bila kuinua macho, "mtu husukuma samadi yote hiyo kwa sababu ya wageni wa saa moja?"

Karwirwa akaendelea kumwaga maji.

"Mteja wangu ni wewe. Kitu utaniambia, siruhusiwi kumwambia mtu. Hata watoto wako. Hiyo ni sheria, si mimi. Wewe unataka nini?"

Jagi lilitulia hewani. Tangu kaburi lilipofukiwa, watu walimwambia mengi Karwirwa, wakamshauri, wakamhurumia, wakamnunulia kiti. Swali lile hakuna aliyemuuliza. Hasira na shukrani zilimjia pamoja, akashindwa kujua ipi ni ipi.

"Nilisema ndiyo kaburini, wakili. Mimi siwezi kukataa."

"Sikuuliza ulisema nini."

Karwirwa aliweka jagi chini. Akachukua ndizi mbivu mezani, akaimenya, akampa. "Onja."

Mwaniki akala, amesimama pale na suti yake, macho ameyafumba kama mtoto aliyetoka shule. Kule Manyatta mama yake naye alikuwa na migomba michache nyuma ya chai. Alifuta midomo, na sauti za kamati zikaanza kupanda kutoka chini. Karwirwa hakujua kama amejibu swali au amelisha mtu tu.

Bi Rwamba alifika garini, akafungua mlango. "Mama, asante sana. Wakili, nitakupa nafasi ya neno la mwisho."

"Bado hamjaenda," Karwirwa alisema. "Mgeni hatoki hapa mikono mitupu."

Bakora aliiacha kitini, na shali pia. Akachukua panga lake lililokuwa limechomekwa kwenye shina, akauendea mgomba mkubwa kuliko yote, akaukata shina kwa mapigo mawili ya mshazari, ukainama taratibu kama mtu anayesujudu. Akaukata mkungu. Kabla Kaberia hajafika kumzuia, alikwishaufunga ukanda, akaupachika kwenye paji la uso, akachuchumaa, akainuka nao. Mzigo ule ungemsumbua kijana. Bibi wa magoti yanayolia alipanda nao mpaka kwenye gari la kaunti bila kusimama kupumua, akautua kwenye nyasi mbele ya Bi Rwamba.

Yule mjumbe aliyeona aibu kutafuna alianza kucheka, akajificha nyuma ya mwenzake.

"Mama, mimi ni mtumishi wa umma," Bi Rwamba alisema, ingawa mkungu aliutazama kwa uchungu wa kweli. "Kula nimekula, lakini zawadi siwezi kubeba. Itakuwa hongo. Mpe wakili wako, yeye haina shida."

Karwirwa akageuka. Akauinua mkungu tena, unavuja utomvu mbichi, akamnyooshea Wakili Mwaniki.

Sasa, kila mtu aliyelelewa kwenye migomba anajua mambo mawili. La kwanza, utomvu wa ndizi ukishika nguo hautoki, hata ufue kwa machozi. La pili, mkungu ukipewa na mama wa watu, unaupokea kwa mikono miwili na huuweki chini mpaka ufike kwako. Mwaniki alilelewa Manyatta. Aliitazama suti yake ya kijivu kwa mara ya mwisho, akafungua mikono, akaukumbatia mkungu kifuani kama mtoto. Ukaanza kumdondokea mara moja.

"Haya, wakili," Bi Rwamba alisema, kalamu mkononi. "Una la mwisho?"

Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, msumeno wa Thuranira ulianza kulia. Kaberia alimkonyeza wakili. Riungu alielekeza kidevu kule, mara mbili, kama mtu mwenye kwikwi. Karwirwa aliliokota panga lake kwenye nyasi. Mdomo wa Mwaniki haukuwa umebeba kitu. Ungeweza kutaja yadi ile bila kidole. Aliufungua. Akamtazama Karwirwa aliyesimama pale na alama nyekundu ya ukanda kwenye paji la uso, jasho linamtiririka, panga mkononi.

"Sina, Bi Rwamba," akasema. "Mteja wangu ameshasema yote."

Jibu la kamati lilifika kwa simu ya Riungu kabla ya mwezi kuisha. Ardhi ina rutuba, inalisha soko la Nkubu, na mwenyewe ana nguvu za kuilima. Ombi limekataliwa, na mwombaji anaweza kukata rufaa. Mwaniki alirudisha ada yote, jambo ambalo liliwatia wanawe wasiwasi kuliko kushindwa kwenyewe.

Kaberia alikuja nyumbani amevimba. Alimkuta mama yake akijaza samadi kwenye wilbaro, akampa simu hata bila salamu.

"Wakili yuko kwa laini. Anasema hii rufaa anaweza kushinda, iko kitu hakusema siku ile. Lakini anasema mpaka wewe mwenyewe umwambie kwamba unataka. Mimi nimemwambia ulisema ndiyo, anasema hiyo 'ndiyo' anayo tayari." Akafuta uso. "Mama, mwambie tu. Neno moja. Sema unataka."

Karwirwa alipangusa mkono kwenye leso, akaishika simu mbali kidogo na sikio.

"Kaberia, siku ya baba yako nilisema nini?"

"Ulisema kile tutakuambia utasema ndiyo."

"Na nimewahi kukataa?"

Kaberia alifikiri. Alifikiria kiti, ubao, samadi, mkungu. "Hapana," akakubali, kwa taabu.

"Basi. Kusema ndiyo niliahidi, na nimesema. Kutaka sikuahidi mtu."

Simuni kikasikika kitu kama mtu aliyepaliwa na chai. "Nimemsikia mteja wangu," Mwaniki alisema. "Na Mama, suti sasa ni ya shamba." Akakata.

Kaberia alikitafuta kiti cha plastiki, akakikalia. Alikuwa mtu wa kwanza kukaa pale kwa hiari. Alikaa muda, saruji yote imemtoka kichwani, akimtazama mama yake anavyopiga koleo.

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza," Karwirwa alisema. "Uliniambia."

Hakulisema kwa ukali, na kama angelisema kwa ukali Kaberia angepata la kujibu. Aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake. Mama yake alimwacha ainame mpaka ikatosha, kisha akachomeka koleo kwenye lundo.

"Hicho kiti mpelekee Celina, bado anataka kufungua hoteli. Lakini kwanza hii samadi ishuke. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe hata si mgeni."

Kaberia alivua viatu. Akakunja suruali, akashika wilbaro kwa mikono miwili, akaanza kuteremka nayo kuelekea barabarani. Njiani alisimama mara tatu kupumzika, akadai kwamba samadi ni nzito kuliko saruji.